Kisima na Neno: Kiswahili, Elimu ya Juu na Uchumi wa Maarifa katika Rasi ya Msimbati



1.0 Utangulizi

Mwaka 1982 yalitokea nchini Tanzania mambo mawili ambayo kwa kawaida hayatajwi pamoja. La kwanza lilitokea katika rasi ya Msimbati, kusini-mashariki ya mji wa Mtwara, si mbali na mahali Mto Ruvuma unapomwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Kampuni ya AGIP ya Italia, katika shughuli zake za kutafuta mafuta, iligundua gesi asilia kwenye Ghuba ya Mnazi. Kwa kuwa wakati huo gesi hiyo haikuwa na soko la karibu, kisima kilifungwa na wachimbaji wakaondoka. La pili lilihusu shule na vyuo. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza katika taarifa yake kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia kidato cha kwanza mwaka 1985 na vyuo vikuu mwaka 1992. Pendekezo hilo nalo liliwekwa kando.

Kisima cha Msimbati kilifunguliwa tena mwaka 2005, na hadi leo gesi inatoka. Pendekezo la Tume halijafunguliwa; Kiingereza kingali lugha ya kufundishia katika sekondari za umma na katika vyuo vikuu. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba hazina hizi mbili zinategemeana kuliko inavyodhaniwa. Uchumi wa maarifa haupimwi kwa idadi ya shahada wala kwa wingi wa ripoti. Hupimwa kwa uwezo wa jamii kuyauliza maarifa maswali, kuyasahihisha na kuyageuza kuwa kazi na kipato. Uwezo huo una lugha yake. Ushahidi wa hoja hii umechukuliwa katika Mkoa wa Mtwara, hususani kwenye mambo matatu: mkorosho, gesi na bahari.

2.0 Dhana ya uchumi wa maarifa

Istilahi "uchumi wa maarifa" ilienea duniani katika miaka ya 1990, hasa baada ya OECD, shirika linaloyaunganisha mataifa yenye viwanda, kuitolea ripoti mwaka 1996. Kwa ufupi, ni uchumi ambao thamani ya bidhaa hutokana zaidi na ujuzi uliotiwa ndani yake kuliko wingi wa malighafi au jasho la mikono. Tanzania haikuachwa nyuma katika kuipokea dhana hii. Tume ya Sayansi na Teknolojia ilikwisha kuundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025 ilizungumzia jamii iliyoelimika na yenye hamu ya kujifunza. Aidha, mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola za Marekani milioni 425 kwa ajili ya mradi wa elimu ya juu kwa mageuzi ya kiuchumi, ambao kwa huo vyuo vikuu vya umma vimekuwa vikijenga kampasi, maabara na madarasa mapya.

Katika mijadala mingi, safari ya maarifa huchorwa kama mstari ulionyooka: elimu ya juu huzaa watafiti, watafiti huzaa ugunduzi, ugunduzi huzaa ubunifu, na ubunifu huzaa utajiri. Mchoro huo una pengo. Hauelezi namna ugunduzi unavyotoka maabara na kumfikia mtu atakayeutumia, wala namna maswali ya mtu huyo yanavyorudi maabara. Katika pengo hilo ndimo lugha inamoishi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Ni vyema kuongeza swali moja: daftari hilo limeandikwa kwa lugha ya nani?

3.0 Mkorosho: maarifa yaliyofika shambani

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya takriban tani 145,000 za korosho, nyingi zikitoka mikoa ya kusini. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka hadi chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi. Katika operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 wakulima wengi walihamishwa mbali na mikorosho yao. Bei ilikuwa ndogo. Kisha, kuelekea mwisho wa muongo huo, ukaja ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiriunga.

Jina hilo linastahili kutazamwa. Ugonjwa husababishwa na kuvu anayeshambulia machipukizi, majani machanga na maua, na kuyaacha yamefunikwa na kitu kama unga wa rangi ya kijivu. Maua hunyauka kabla ya kutunga korosho. Mkulima asiyejua lolote kuhusu kuvu akilisikia jina hilo hupata mara moja dalili ya kuangalia: unga kwenye maua. Jina limebeba nusu ya uchunguzi.

Watafiti wa Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, walifanyia kazi tatizo hili kwa miaka mingi. Walijaribu unga wa salfa na kubaini wakati na kiasi cha kuupuliza: alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ukingali juu ya majani, ili unga ushike. Walichagua mikorosho yenye mavuno mengi na yenye kustahimili ugonjwa, wakaizalisha kwa njia ya kubebesha vikonyo, na kuwafundisha wakulima namna ya kupunguzia miti iliyosongamana. Matokeo ya utafiti huo yaliandikwa katika majarida ya kimataifa kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi. Hata hivyo, hayakuishia humo. Mabwana na mabibi shamba waliyapeleka vijijini, na huko yakazungumzwa kwa Kiswahili, na mara nyingi kwa Kimakonde, Kimakua na Kiyao. Salfa, ubwiriunga, kubebesha, kikonyo: hizi ni istilahi za sayansi ya mimea ambazo mkulima wa Tandahimba au Newala huzitumia bila kujiona anazungumza lugha ya maabara.

Katika msimu wa 2017/18 mavuno ya nchi yalizidi tani 300,000. Si haki kusema lugha ndiyo iliyoongeza tani hizo. Bei, pembejeo na mfumo wa masoko vilichangia sehemu kubwa. Lakini ni wazi kwamba utafiti usingefika kwenye mamilioni ya miti kama kila mwenye mti asingeweza kuuelewa, kuujaribu na kuurudisha kwa mtaalamu akiwa na malalamiko yake.

Mfano huu, hata hivyo, una mpaka wake, na mpaka huo una funzo kubwa. Mwaka 2018 wakulima walizikataa bei zilizotolewa na wanunuzi, na mwezi Novemba Serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likipewa kazi ya kuzisomba. Mkulima aliyekuwa hodari wa kutibu mti hakuwa na nguvu juu ya bei, kwa kuwa sehemu kubwa ya korosho za Tanzania imekuwa ikisafirishwa ghafi na kubanguliwa India na Vietnam. Viwanda vya kubangulia vilivyojengwa katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 vingi vilisimama. Kwa hiyo, maarifa yaliyokuwa na lugha ya mkulima yalikuwa yale ya shambani tu. Ya kiwandani, ya ufungashaji na ya soko la dunia hayakuvuka pengo. Mavuno yaliongezeka pale maarifa yalipofika, na thamani ikavuja pale yalipokwama.

4.0 Gesi: maarifa yaliyopita juu ya kijiji

Kisima cha Msimbati kinatoa mfano wa pili. Baada ya kufunguliwa upya mwaka 2005, bomba la takriban kilomita 27 lilijengwa kuipeleka gesi Mtwara mjini kufua umeme, ambao ulianza kupatikana mwaka 2007. Baadaye likaja bomba kubwa la zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, pamoja na mtambo wa kusafisha gesi katika kijiji cha Madimba. Gesi ikaanza kutumika Dar es Salaam mwaka 2015. Tangu mwaka 2024 Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania linamiliki asilimia 40 ya Ghuba ya Mnazi, na mwendeshaji, kampuni ya Maurel & Prom ya Ufaransa, asilimia 60.

Kati ya tarehe hizo zipo siku za uchungu. Tarehe 27 Desemba 2012 wananchi waliandamana Mtwara kupinga gesi kusafirishwa, na mwezi Mei 2013 ghasia ziliibuka baada ya bajeti ya wizara husika kusomwa bungeni. Maisha yalipotea, nyumba na ofisi zikachomwa, na wanajeshi wakapelekwa mjini. Itakuwa kosa kudai kwamba mgogoro ule ulisababishwa na lugha. Chanzo chake kilikuwa historia ndefu ya mikoa ya kusini kujiona imesahauliwa, pamoja na ahadi za viwanda na ajira ambazo watu waliona zinaondoka na bomba. Hata hivyo, ni halali kuuliza wananchi walikuwa na nini mikononi cha kujadiliana nacho. Mikataba ya kugawana uzalishaji iliandikwa kwa Kiingereza. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015, iliyotungwa baada ya ghasia, nayo iliandikwa kwa Kiingereza. Maneno kama mrabaha, ushuru wa huduma, kitalu na mkuza wa bomba yalimfikia mwanakijiji katika hotuba, yakiwa yamekwisha kuamuliwa maana na watu wengine. Mwenye ardhi aliposema "gesi haitoki", alikuwa akitumia sentensi pekee ya mjadala huo iliyokuwa yake kabisa.

Je, jiolojia ya Ruvuma haielezeki kwa Kiswahili? Jibu linaweza kutolewa hapa hapa. Kwa mamilioni ya miaka Mto Ruvuma umekuwa ukibeba mchanga na tope kutoka bara na kuvimwaga baharini. Mabaki ya viumbe na mimea yalizikwa humo, tabaka juu ya tabaka. Uzito wa tabaka za juu na joto la chini ya ardhi viliyageuza mabaki hayo kuwa gesi. Kwa kuwa gesi ni nyepesi, ilipanda kupitia vinyweleo vya mwamba wa mchanga hadi ilipozuiwa na tabaka la tope lililogandamana, ikajikusanya chini yake. Mchimbaji hutafuta mahali palipo na mambo matatu: asili ya gesi, mwamba wa kuihifadhi na kifuniko cha kuizuia. Mwanafunzi wa darasa la saba aliyeko Msimbati anaweza kuyaelewa maelezo haya, na akiisha kuyaelewa anaweza kuuliza swali la kitaalamu kweli kweli: kifuniko kikitobolewa, shinikizo linalopungua linapimwa na nani, na hesabu yake inawekwa wapi? Swali hilo ndilo mlango wa chuo kikuu. Katika mfumo wa sasa, mwanafunzi huyo atalifikia swali lake baada ya miaka ya kupambana kwanza na lugha ya kulieleza, na wengi huishia njiani.

Kuna jambo jingine la kutafakari. Kisima cha 1982 kiliweza kufufuliwa miaka 23 baadaye. Daftari la ardhi ya Msimbati lilikuwepo tangu hapo. Msomaji wake tu hakuwa Msimbati.

5.0 Bahari: maarifa yaliyoko tayari

Mpaka hapa maarifa yameonekana kama kitu kinachoshuka kutoka juu. Mfano wa tatu unaugeuza mtazamo huo. Mwaka 2000, kwa mujibu wa Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994, ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye eneo la kilomita za mraba 650 hivi. Ndani yake mna matumbawe, majani ya bahari, mikoko, na vijiji vya watu, Msimbati kikiwa kimojawapo.

Lugha ya uhifadhi ya kimataifa ina neno moja la jumla kwa misitu ya miti inayoota katika maji ya chumvi. Kiswahili cha mwambao kina majina: mkoko, mkandaa, msinzi, mchu, mlilana, mkomafi. Kila jina ni mti wake, wenye mahali pake pa kuota na matumizi yake. Hata nguzo zikatwazo humo hutofautishwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Vivyo hivyo, mvuvi hasemi tu kwamba maji yamejaa au yamekupwa. Hutofautisha bamvua na maji mafu, na kwa hesabu ya mwezi hujua siku ambayo mwamba utakuwa wazi kwa wanaovua pweza kwa miguu. Hujua pia kusi linafunga bahari ipi na kaskazi inafungua ipi.

Mfumo wa majina ni mfumo wa uainishaji, na uainishaji ndio mwanzo wa sayansi. Mtafiti anayefika Msimbati na hojaji iliyotungwa kwa Kiingereza, kisha ikafasiriwa kwa haraka, ataliweka neno "mikoko" peke yake kwenye karatasi, na jibu atakalopata litakuwa na umaskini wa swali. Atakayeuliza mchu umerudi nyuma kiasi gani, au mlilana wa mbele umebaki wapi, atapata historia ya ufuo. Hapo Kiswahili hakitumiki kutangazia matokeo ya utafiti uliokwisha; kinakuwa chombo cha utafiti wenyewe. Ni busara ya mgeni njoo mwenyeji apone, kwa sharti kwamba mgeni aje na masikio.

6.0 Istilahi bila watumiaji

Pingamizi la kawaida ni kwamba Kiswahili hakina istilahi. Historia haikubaliani nalo. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, lilitoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu kuanzia miaka ya 1970. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na kamusi ya tiba mwaka 2003. Idara ya Kiswahili ya chuo hicho, tangu mwaka 1970, imekuwa ikifundisha kwa Kiswahili hadi ngazi za juu. Uwezo wa lugha umekwisha kuthibitishwa. Kilichokosekana ni watumiaji. Istilahi nyingi zilitungwa mezani kwa ajili ya madarasa ambayo hayakufunguliwa, zikabaki kama nguo zilizoshonwa kwa ajili ya harusi iliyoahirishwa. Ubwiriunga, ambao umo vinywani mwa wakulima kila msimu wa maua, unaonyesha kuwa neno hupata nguvu kazini.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: sayansi ni ya dunia nzima, na atakayejifungia katika lugha moja atapitwa. Ni kweli kwamba mtaalamu wa Tanzania anahitaji Kiingereza, na anahitaji kukijua vizuri kuliko kinavyojulikana sasa. Lakini kuijua lugha ya kigeni na kufundishwa kila kitu kwa lugha hiyo ni mambo mawili tofauti. Mholanzi na Mkorea huandika kwa Kiingereza wakitaka kusomwa na dunia, ilhali watoto wao hujifunza fizikia ya sekondari kwa lugha za nyumbani.

7.0 Mapendekezo

Kutokana na hoja hizi, mambo manne yanaweza kuanza bila kusubiri sera mpya.

Kwanza, kila tasnifu ya uzamili na uzamivu inayohusu eneo fulani nchini iambatane na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa kumi, na muhtasari huo uwasilishwe katika mkutano wa kijiji husika. Kanuni za Tathmini ya Athari kwa Mazingira za mwaka 2005 zinamtaka mwenye mradi atoe muhtasari usio wa kitaalamu kwa Kiswahili na Kiingereza. Chuo kikuu hakipaswi kujidai kidogo kuliko kinachodaiwa na sheria kwa mwekezaji.

Pili, wanaisimu wazifuate istilahi kazini: Naliendele, Madimba, kwenye karakana za vyuo vya ufundi na kwenye madau ya wavuvi. Kinachosemwa huko kiandikwe, kilinganishwe na kamusi, na pale mafundi wanapokuwa wametunga neno zuri kuliko la kamati, kamati ikubali kujifunza.

Tatu, shahada za sayansi na uhandisi ziwe na kozi ya uandishi wa kisayansi kwa Kiswahili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikijenga kampasi ya kilimo mkoani Lindi; kampasi hiyo, iliyo katikati ya ukanda wa korosho, ni mahali mwafaka pa kuanzia. Usindikaji na masoko, pale ambapo thamani ya korosho ilivuja, vipewe nafasi ya kwanza.

Nne, maarifa ya wenyeji yakikusanywa, wenyewe watambuliwe kuwa wachangiaji, na nakala ibaki katika shule ya kata. Taarifa iliyochukuliwa Msimbati na kuhifadhiwa Dar es Salaam au Paris pekee inarudia njia ya bomba.

Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yamekwisha kuifanya lugha ya sheria na ya mahakama kuwa Kiswahili. Kama hakimu anaweza kutakiwa kuandika hukumu kwa lugha ambayo mshtakiwa anaielewa, mtafiti hana udhuru mkubwa zaidi.

8.0 Hitimisho

Gesi ya Ghuba ya Mnazi itakwisha siku moja; hiyo ni tabia ya kila kisima. Siku hiyo litabaki swali moja kwa vizazi vya Msimbati: rasilimali ilipokuwa inatoka, ni nini kilichokuwa kinaingia? Kama kilichoingia ni ujuzi unaozungumzika, wenye majina yanayoeleweka na maswali yanayoweza kuulizwa na mtoto wa mvuvi, basi mkoa utakuwa umebadilisha hazina inayokwisha kwa hazina isiyokwisha. Kama ni barabara na nguzo za umeme tu, vitakuwa vimesaidia, lakini havitazaa.

Wazee wa mwambao husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Maarifa nayo yana ruhusa ya kwenda tezi na omo, hadi katika majarida ya mbali na lugha za mbali. Kazi ya taaluma ya Kiswahili ni kuhakikisha kwamba yana ngama ya kurejea.